Risasi Laini za Mzee Kombo

Jamani, leo nimeaibika. Nimeaibika mchana kweupe, nikiwa na kanzu nyeupe, mbele ya ukoo mzima wa watu ninaowaomba binti. Kama mnasikia nanuka udongo wa kisimani, basi ndio huohuo, na nimeshaoga tena nilipofika hapa Nguvumali. Nimiminieni kahawa kwanza. Halafu mnisikilize mpaka mwisho bila kunikatiza, maana nyie nawajua.

Mnakumbuka mjomba wangu alipeleka posa Maramba kwa Mzee Kombo wakati watu wanaanza kupanda. Mnakumbuka na jibu alilopewa: "Tutatazama." Tangu siku hiyo mimi sina usingizi wa maana wala macho ya maana. Mtu ananiletea karabai nimtengenezee, namrudishia pasi ya mkaa ya mtu mwingine. Na huyo binti mwenyewe, Mwanaidi, nimemwona mara moja tu, na hiyo mara moja nilichokiona ni mkono. Nilikwenda kwao kutengeneza cherehani baada ya posa, mkono ukatokeza nyuma ya pazia na kikombe cha chai ya mchaichai, sauti ikasema, "Karibu, fundi." Basi, hayo tu. Lakini mimi na mkono ule tumeshajenga nyumba, tumeshapanda minazi, na mtoto wetu wa kwanza ameshaanza chuo.

Sasa, Mzee Kombo ana bunduki. Si gobori kama haya ninayoyashindilia kila siku, ni bunduki ya kizungu hasa, aliyoachiwa na mzungu mmoja mwenye shamba la mkonge alipokuwa anarudi kwao, na cheti chake kimetoka bomani. Ni bunduki inayojikoki yenyewe. Ukiipiga mara moja inatema ganda kwa ubavuni, inajipakia risasi nyingine, inakungoja. Mzee anaipenda kama mtoto. Shida ni kwamba bega lake la kulia lilivunjika zamani alipokuwa kazini kwenye mkonge, likaungwa vibaya, na bunduki ile ina teke. Kila akiipiga analala siku mbili na dawa ya kuchua. Kwa hiyo ameacha kupiga, na nguruwe wa msituni wamejua kwamba ameacha. Wanashuka kutoka milima ya huko Amani, wanakula muhogo wake kama wamealikwa.

Nilipokwenda kumtengenezea cherehani tulizungumza habari hiyo. Akaniuliza kama kuna namna ya kuifanya bunduki iwe pole. Mimi wakati ule nilikuwa bado na kikombe cha chai mkononi, naangalia pazia, nikasema ndiyo. (Angeniuliza kama naweza kuufanya mwezi uwe wa mraba, ningesema ndiyo vilevile.) Nikamwambia, "Mzee, bunduki haina kosa. Risasi ndizo kali mno. Nipe maganda uliyokwisha kuyapiga, nitakujazia zangu, laini." Akasema nijaribu, na kwamba akiweza tena kusimama shambani kwake na bunduki yake mwenyewe, basi atajua fundi huyu ni mtu wa namna gani. Hakutaja posa. Lakini mimi niliisikia imo mle ndani ya maneno yake, na dada yake, Bi Mwanahawa, aliyekuwa anachambua mchele barazani, aliisikia pia, kwa sababu aliacha kuchambua.

Nikarudi hapa Tanga na maganda kwenye mkebe wa biskuti. Jamani, mimi sijawahi kufanya kazi kwa raha namna ile. Nilikuwa nafunga duka mapema, nakaa dirishani, upepo wa baharini unaingia, nasafisha ganda moja moja kwa kitambaa. Natia fataki mpya kitakoni, ile inayowasha baruti. Natia baruti, naipunguza. Naipunguza tena, kama mtu anayepunguza chumvi katika mchuzi wa mgonjwa. Natia marisau, vile vipunje vya risasi, nafunga mdomo wa ganda, nauzungushia uzi mwekundu kwa pambo tu. Kila moja niliyoimaliza niliiweka mezani imesimama, naiangalia, naona bega la Mzee limetulia, naona Mzee anatabasamu, naona pazia linafunguka lote. Mara nyingine giza lilinikuta bado nimekaa hivyo hivyo na sijawasha taa.

Nilizijaribu, msiseme sikuzijaribu. Nilikwenda nazo kule nyuma kwenye mapori, na bunduki yangu mimi, ile ya mtutu mmoja unayoivunja katikati kwa mkono na kulitoa ganda kwa kidole. Nikapiga kwenye kopo la samli. Bunduki haikunipiga teke. Ilinigusa begani tu, taratibu, kama mtu anayetaka kukuuliza njia. Nikapiga tena na tena kwa utamu wake. Bunduki ya Mzee sikuwa nayo, kwani cheti ni chake na bunduki haitoki Maramba, lakini nilijiambia bunduki ni bunduki. Hapo ndipo pa kukumbuka tutakapofika mbele.

Basi leo ilikuwa siku ya msako. Alfajiri nikapanda lori la mbao linalokwenda juu, nimevaa kanzu yangu ya Idi na kofia niliyoshonewa na mama. Najua mnachotaka kuuliza. Nani anakwenda kwenye msako wa nguruwe na kanzu nyeupe? Anayekwenda ni yule aliyejiambia kwamba kazi yake ni kusimama nyuma ya Mzee na kumpa risasi, kisha baada ya msako ataingia barazani kula pilau na kusikia jambo. Njia nzima nilikuwa naota. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mkonge, mistari ya mkonge inapita, inapita, na mimi nasikia sauti ikisema "Karibu, fundi" katika kila kona. Dereva aliniambia tumefika mara mbili.

Maramba nzima ilikuwa imetoka. Vijana wamekwenda upande wa juu na ngoma na madebe, wawafukuze nguruwe washuke. Wazee wamesimama pembeni mwa shamba la muhogo. Kulikuwa na vibarua wa mkonge, wale ambao dini yao haiwakatazi nyama hiyo, wameketi na vikapu na visu, wananisalimia kwa heshima kubwa kwa sababu walisikia mimi ndiye niliyeleta risasi. Shamba lenyewe liko nyuma tu ya nyumba, na ua wa makuti ulikuwa umejaa macho ya wanawake. Nilijua macho fulani yamo. Sikuangalia. (Niliangalia.)

Nikamwamkia Mzee, "Shikamoo, Mzee." Akaitika marahaba, akapokea mkebe, akachukua risasi moja akaipima kiganjani, akagusa ule uzi mwekundu. Akauliza uzi ni wa kazi gani. Nikasema ni wa kuonyesha kwamba ni laini. Bi Mwanahawa akasema kutoka uani kwamba fundi huyu angefaa kutarizi mashuka ya vitanda. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, kwa kuwa bado nilikuwa nadhani leo ni siku yangu.

Ngoma zikaanza. Mlio wake ulikuja kupitia ukungu kwa mbali, unapotea, unarudi. Mzee akapakia risasi, akanirudishia mkebe, akaweka kitako cha bunduki begani, pole pole, kama anayelaza kitoto. Nikasimama nyuma yake na mkebe wangu. Na hapo, jamani, ndipo akili yangu ilipotoka ikaenda zake. Nilimwona Mzee anaangusha nguruwe wa kwanza, anaangusha wa pili, anaangusha wa tatu, anageuka, ananiwekea mkono begani na kusema, "Mkwe wangu." Nilikuwa nimeshafika kwenye fungate. Nilikuwa namchagulia mtoto wa pili jina.

"Fundi," Mzee alininong'oneza, "wanakuja."

Wakatoka kwenye ukungu watatu, na mbele yao dume moja kubwa, pembe zake nje ya mdomo, matope yanamchuruzika. Mzee akavuta pumzi, akapiga.

Puu.

Mlio wenyewe ulikuwa hivyo tu. Hata ngoma hazikunyamaza, maana vijana kule juu hawakujua kwamba bunduki imelia. Mzee hakutikisika. Bega lake halikusogea hata kidogo, nikaona uso wake umeng'aa, nikaona mambo yametimia. Yule dume akasimama. Akatikisa sikio moja, kama anayefukuza inzi. Kisha akatutazama ili ajue nani amemrushia.

Mzee akavuta tena. Kimya. Akavuta tena. Kimya. Ganda lile lenye uzi mwekundu lilikuwa limetoka nusu na kukwama ubavuni mwa bunduki, limechungulia nje kwa kiburi. Mzee akasema kwa sauti ya chini, bila kugeuka, "Fundi, bunduki yangu imekwama." Nikalichomoa ganda kwa vidole, nikavuta chuma kwa mkono, risasi ya pili ikaingia. Akapiga. Puu. Ikakwama vilevile. Uzi mwekundu, nusu ndani, nusu nje.

Ndipo nilipoelewa, nikiwa nimeinama na vidole vyangu vimo ndani ya bunduki ya baba mkwe. Bunduki ile hula teke lake yenyewe. Teke lile linalomuumiza Mzee ndilo linalosukuma chuma nyuma, linatema ganda, linaivuta risasi nyingine. Mimi kwa mapenzi yangu na upole wangu nilikuwa nimeliondoa teke lote. Nimeinyima bunduki chakula, halafu nashangaa kwamba haitafuni. Ile yangu ya mtutu mmoja haikuniambia kitu kwa sababu ganda lake hutolewa kwa mkono wangu. Mtu aliyezoea magobori ndiye pekee anayeweza kukosea hivyo, na mtu huyo alikuwa amevaa kanzu.

Yule dume naye alikuwa ameshaelewa mambo yake. Akashusha kichwa, akaja.

Mzee, pamoja na bega lake, aliruka pembeni vizuri sana. Wazee wengine sijui walikwenda wapi, nilisikia tu viatu. Mimi nikafanya jambo moja tu: nikapandisha kanzu yangu isichafuke. Nikasimama pale miguu imetanuka, nimeishika kanzu kwa mikono miwili, na nguruwe akapita katikati.

Ila hakupita. Alinibeba.

Siwezi kuwaeleza ilivyokuwa, kwa sababu mimi mwenyewe nilidhani naota. Kila kitu kilikwenda taratibu. Nilikuwa juu, nimeelekea nyuma, naona watu wanakuwa wadogo. Niliona milima ya Amani imejitokeza juu ya ukungu, ya buluu, mizuri kupita kiasi, nikajiuliza kwa nini sijawahi kuiangalia vizuri siku zote. Majani ya muhogo yalikuwa yananipapasa magoti. Nilisikia ngoma zinalia kwa mwendo wa harusi kabisa. Kisha nguruwe akakata kona kwenye tuta, mimi nikaendelea moja kwa moja, nikakaa kwenye dimbwi.

Nilipoinuka, ngoma zilikuwa zimenyamaza. Vijana wa msako walikuwa wamefika ukingoni mwa shamba na wameona. Nikaanza kutembea kuelekea kwa watu, na watu wakaanza kurudi nyuma. Nikipiga hatua moja mbele, nao hatua moja nyuma. Nilidhani ni hofu, kumbe ni dini. Nguruwe yule alikuwa majimaji, na mimi nilikuwa majimaji, toka miguuni mpaka kiunoni. Nimekuwa najisi. Hakuna mtu ambaye angenigusa, wala kunipa mkono, wala kuniruhusu nikanyage baraza yake, mpaka nioshwe mara saba, moja kwa udongo. Mtu niliyekuja kuingia nyumba ile kwa mlango wa mbele nikapelekwa kisimani kwa kuonyeshwa njia na fimbo.

Mzee Kombo mwenyewe ndiye aliyechukua ndoo. Alisema bega leo halimuumi, atamwaga yeye. Nikachuchumaa na kanzu yangu na kofia yangu, akaanza. Watu wakazunguka kwa mbali wakawa wanahesabu kwa sauti, wazee, vijana, na hata vibarua wa mkonge ambao jambo halikuwahusu, ila walikuwa hawana kazi nyingine sasa. Kwenye udongo pakatokea mabishano. Mzee mmoja alisema udongo ni maji ya kwanza, mwingine akasema ya mwisho, na kila mmoja akataja mwalimu wake. Bi Mwanahawa akakata shauri kutoka nyuma ya makuti: atiwe mwanzo na atiwe mwisho, maana huyu alikaa kabisa. Nikapakwa udongo kama ukuta.

Tulipofika katikati mtu mmoja akashikwa na kicheko, kikawaambukiza wengine, hesabu ikapotea. Mzee akasimama na ndoo hewani. Mmoja anasema ni ya nne hiyo, mwingine anasema ni ya sita, na wa tatu anasema kama kuna shaka bora tuanze upya. Mimi natetemeka, maji yananitoka puani, natazama chini.

Ndipo sauti ikatoka uani. Ilikuwa ile ile.

"Baba, hiyo ni ya tano. Mimi nahesabu."

Jamani. Miezi yote hii nimeisubiri sauti ile. Nimeiota ikisema mambo ambayo siwezi kuyasema hapa mbele ya kahawa. Na leo imesema maneno yake ya kwanza juu yangu, na maneno yenyewe ni kwamba nguruwe amebaki kwangu mara mbili. Niliumia. Lakini nisiwafiche, palepale kwenye udongo, chini ya ndoo, moyo wangu ulifurahi kwa ujinga wake, kwa sababu kati ya watu wote wale ni yeye peke yake aliyekuwa ananihesabu vizuri.

Walipomaliza nikapewa kikoi cha Mzee, kifupi, na nikaketi kwenye ngazi ya chini kabisa ya baraza. Ndani nilisikia wanazungumza. Mzee anasema kidogo, Bi Mwanahawa anasema sana. Vibarua walikuwa wanaondoka na vikapu vyao vitupu, na sasa hakuna aliyenisalimia. Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya kumwambia mjomba. Nilikuwa nimeshaibomoa ile nyumba yetu, ukuta baada ya ukuta, na nimefika kwenye minazi.

Mzee akatoka na bunduki mkononi, akaketi karibu yangu. Akaniambia, "Bega langu haliniumi."

Nikasema, "Alhamdulillahi."

"Na nguruwe naye haumwi."

Akaniuliza kosa liko wapi, na hapo nikamweleza kweli yote, habari ya teke na chakula cha bunduki, na kwamba risasi laini zinataka bunduki nayo ilainishwe, springi yake ilegezwe mpaka iweze kusukumwa na nguvu ndogo. Nikamwambia nilipaswa kujaribu kwenye bunduki hii hii, hapa hapa kwake, na kwamba sikufanya hivyo kwa sababu nilikuwa na haraka ya jambo lingine. Hakuniuliza jambo gani. Akasema nije hapa kwake nifanye kazi hiyo barazani, mbele ya macho yake, na uzi mwekundu niuache Tanga.

Kisha akasimama, akageukia mlangoni, akasema kwa sauti ya kusikiwa na ndani na nje:

"Mwambieni mjomba wake aje Ijumaa na watu wake. Nimeoza mabinti wawili, na wakwe wote wawili waliingia humu na vumbi la njiani. Huyu tumemwosha wenyewe, mara saba, kwa udongo. Mkwe safi kuliko huyu tutamtoa wapi?"

Nyuma ya pazia mtu akacheka. Mkono ukatokeza na kikombe cha chai ya mchaichai, na safari hii, jamani, niliona mpaka kiwiko.

Basi chekeni, chekeni mmalize. Ijumaa mtanisindikiza nyie haohao, na yeyote atakayetamka neno "nguruwe" barazani kwa wakwe zangu, atarudi Tanga kwa miguu.